Beryl Markham: Rubani aliyeipata kazi mahali barabara zilipokoma

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

KILA kijana anayehitimu masomo ya urubani hukutana na fumbo lile lile. Leseni anayo mkononi, lakini wenye ndege wanataka mtu mwenye uzoefu, na uzoefu haupatikani bila kazi.

Leseni ya rubani wa biashara hutolewa baada ya saa zipatazo 200 za kuruka, au pungufu kidogo kulingana na aina ya mafunzo. Kwa mwenye kampuni anayemkabidhi kijana chombo cha thamani kubwa pamoja na roho za watu, saa hizo ni chache mno.

Ndiyo maana kwa vijana wengi wa Afrika Mashariki safari ya kwanza ya malipo haianzii kwenye ndege kubwa inayong'aa. Huanzia kwenye ndege ndogo ya kukodi, yenye injini moja, inayotua kwenye kiwanja cha vumbi kama kile kinachohudumia Hifadhi ya Milima ya Mahale, kusini mwa mji wa Kigoma, ambako njia nyingine ya kawaida ya kufika ni boti ya Ziwa Tanganyika.

Fumbo hilo lina umri sawa na biashara ya ndege katika ukanda huu. Mmoja wa watu wa kwanza kulifumbua ni mwanamke aliyekulia Njoro nchini Kenya, aliyezungumza Kiswahili tangu utoto, na ambaye jina lake baadaye lilivuma kutoka Nairobi hadi New York. Mwanamke huyo ni Beryl Markham.

Ili kuelewa namna alivyoipata kazi, yafaa kwanza kukumbuka hali ya usafiri wa anga ilivyokuwa wakati ule, na hapa mfano wa Kigoma unatosha.

Wakazi wa Kigoma na Ujiji waliiona ndege mapema kuliko watu wengi wa bara hili, ila haikuja na abiria wala barua. Ilikuja na mabomu. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walileta ndege nne za Kiingereza za aina ya Short, zenye uwezo wa kutua majini. Ziliunganishwa karibu na Mtoa, upande wa Kongo, kisha zikavuka ziwa kuishambulia bandari ya Kigoma na meli ya Kijerumani ya Graf von Götzen.

Mmoja wa marubani hao, Mbelgiji Aimé Behaeghe, anatambuliwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kurusha ndege Afrika ya Kati. Hakurudi kwao. Alifariki kwa maradhi huko Niemba, Kongo, mwezi Desemba mwaka huo huo.

Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe mwezi Julai 1916 kabla ya kuukimbia mji. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi iliyofuata, mkazi wa mwambao wa Tanganyika aliyetaka kusafiri alikuwa na meli hiyo, mitumbwi na majahazi, pamoja na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914.

Usafiri wa ndege wa kibiashara ulipoingia Afrika Mashariki haukuupitia mwambao huo. Kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilifungua njia hadi Mwanza mwaka 1931, na mwaka 1932 ikairefusha hadi Cape Town kwa kupitia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Aliyeishi kando ya mstari huo alibahatika. Aliyeishi mbali nao, kama wakazi wa Kigoma, migodi ya dhahabu ya Ziwa Victoria au mashamba ya ndani, aliendelea kuzisikia ndege kwa masimulizi tu.

Katika mapengo hayo ndimo ilimozaliwa kazi ya rubani mdogo. Mahali ambapo kampuni kubwa haikutua na barabara haikufika, palikuwa na mtu aliyehitaji barua, dawa, kipuri cha mashine au daktari. Beryl Markham aliliona hilo mapema.

Alizaliwa Oktoba 26, 1902, katika kijiji cha Ashwell, Uingereza, kwa jina la Beryl Clutterbuck. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa mtu wa farasi. Alipokuwa na umri wa karibu miaka minne familia ilihamia Afrika Mashariki ya Kiingereza, nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, na baba akafungua shamba Njoro, katika Bonde la Ufa.

Mama hakuyaweza maisha hayo. Alirejea Uingereza akiwa na kaka yake Beryl, akamwacha binti na baba. Mtoto huyo akalelewa zaidi na watu wa shambani kuliko na watu wa ukoo wake. Alicheza na watoto wa Kikalenjin, akajifunza lugha yao na Kiswahili, akaenda nao mawindoni akiwa na mkuki, pekupeku, jambo ambalo binti wa Kizungu wa zama zile hakutarajiwa hata kuliwaza.

Rafiki yake wa karibu katika michezo hiyo alikuwa mvulana aliyeitwa Kibii. Alipokuwa mtu mzima Kibii alipata jina la arap Ruta, na jina hilo litarejea katika habari hii, kwa sababu bila yeye maisha ya Beryl hayasimuliki.

Mwaka 1919, akiwa na umri wa miaka 16, Beryl aliolewa na mkulima jirani, Jock Purves. Muda si mrefu ukame uliivunja biashara ya baba yake, ambaye alikuwa ameingia mikataba ya kuuza unga kwa bei isiyobadilika huku nafaka ikipanda bei. Shamba likauzwa, na mzee akaondoka kwenda Peru kutafuta maisha mapya.

Binti hakumfuata. Alibaki na farasi wachache na ujuzi aliourithi, akapata leseni ya kufundisha farasi wa mbio kabla hajafikisha miaka 20. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza Kenya kuipata leseni hiyo.

Hapo ndipo alipopata somo lake la kwanza kuhusu kazi. Mwenye farasi hakabidhi mnyama wake kwa cheti. Hukabidhi kwa mtu ambaye ameona farasi wake wakishinda. Mwanzoni alipewa farasi waliokataliwa na wengine, wagonjwa na wakorofi, akawatengeneza. Mwaka 1926 farasi wake aitwaye Wise Child alishinda mbio za St Leger jijini Nairobi, na wateja wakaanza kumfuata wenyewe.

Ndoa yake ya kwanza ilivunjika. Mwaka 1927 aliolewa na Mwingereza tajiri, Mansfield Markham, ambaye jina lake alilibeba hadi kaburini. Walipata mtoto mmoja wa kiume mwaka 1929, lakini ndoa hiyo nayo haikudumu. Mtoto alilelewa Uingereza na upande wa baba, na mama akarudi Kenya.

Alirudi wakati ambapo ndege zilikuwa gumzo la Nairobi. Mwaka 1929 mwanamama Florence Kerr Wilson alikuwa ameanzisha kampuni ya Wilson Airways, ambayo jina lake limebaki hadi leo katika uwanja wa Wilson jijini humo. Rubani wake mkuu alikuwa Tom Campbell Black, mwanajeshi wa zamani wa anga aliyeheshimika kwa utulivu na umakini.

Campbell Black ndiye aliyekuwa mwalimu wa Beryl. Kwa mujibu wa maandishi ya mwanafunzi wake, mwalimu huyo hakupenda maneno mengi. Alimwacha mwanafunzi akosee kwanza, kisha akamrekebisha kabla kosa halijaua.

Wakati mafunzo hayo yakiendelea, msiba ulitokea. Mei 14, 1931, mwindaji maarufu Denys Finch Hatton, rafiki wa karibu wa Beryl, aliruka kutoka Voi kwa ndege yake ndogo. Ndege ilianguka na kuwaka moto muda mfupi baada ya kupaa. Alikufa yeye pamoja na Kamau, mtumishi wake Mkikuyu. Beryl alikuwa amealikwa katika safari hiyo, lakini Campbell Black alimshauri asiende.

Wengi wangeona hiyo ni ishara ya kuachana na ndege. Yeye aliendelea, na mwaka huo huo wa 1931 akapata leseni yake ya kwanza.

Leseni hiyo, iliyojulikana kama daraja A, ilimruhusu kurusha ndege kwa shughuli zake binafsi. Haikumruhusu kupokea hata senti moja ya mteja. Kwa lugha nyingine, alikuwa rubani, lakini hakuwa na kazi wala hakuwa na haki ya kuitafuta.

Mwaka 1932, akiwa bado mchanga katika fani, aliirusha ndege yake ndogo aina ya Avro Avian peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza. Haikuwa na redio. Alifuata Mto Naili, akavuka majangwa na bahari, akitua njiani kila injini ilipomsumbua. Safari hiyo haikumpa mshahara, lakini ilimpa kile ambacho mwajiri hukitafuta: saa za kuruka na ushahidi kwamba mtu huyu huondoka na hufika.

Kilichofuata kilikuwa kigumu zaidi. Leseni ya daraja B, ya biashara, ilidai mtahiniwa aijue ndege nje na ndani. Alitakiwa kujua sheria za anga, ramani na hali ya hewa, na pia kuielewa injini: kusafisha njia za mafuta, kubadili vichujio, kutambua kasoro kwa sauti. Katika nchi ambayo rubani angeweza kukwama siku kadhaa bila kumwona fundi, ujuzi huo ulikuwa suala la uhai.

Alifaulu mwaka 1933, akawa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kupata leseni ya rubani wa biashara. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa amekaribia saa 1,000 angani alipokwenda kufanya mtihani huo, kiasi kinachozidi mara kadhaa kile anachodaiwa mhitimu wa leo.

Kisha akasimama mbele ya lile fumbo. Nafasi za ajira zilikuwa za kuhesabika, na waliozishika walikuwa wanaume, wengi wao waliojifunza kuruka jeshini. Hakukuwa na foleni ya kampuni zilizomsubiri mwanamke wa miaka 30.

Aliamua kujitegemea. Alichukua makazi karibu na klabu ya Muthaiga jijini Nairobi, akaweka simu, na akajulisha watu kwamba yupo tayari kwenda kokote. Mkulima aliyetaka kufika shambani, mwindaji aliyehitaji vifaa porini, mchimba dhahabu aliyengoja barua au daktari aliyepaswa kumwahi mgonjwa, wote walijua pa kupiga.

Kazi zilikuja moja moja. Alibeba barua na mizigo kwenda kwenye machimbo ya dhahabu, alipeleka abiria na vyakula kwenye kambi za mawindo, alisafirisha dawa. Viwanja vingi vilikuwa sehemu iliyofyekwa nyasi tu, na mara nyingine ililazimu kupita juu kwa chini sana ili kuwafukuza pundamilia na nyumbu kabla ya kutua. Ramani za wakati ule ziliacha sehemu kubwa za nchi zikiwa nyeupe, bila jina la kilima wala mto.

Upande wa Tanganyika, safari inayokumbukwa zaidi ni ya mwaka 1935 kwenda Nungwe, machimbo ya dhahabu kwenye mwambao wa kusini wa Ziwa Victoria, katika eneo la Geita ya leo. Ujumbe ulikuwa umefika Nairobi kwamba mchimbaji mmoja hali yake ni mbaya kwa ugonjwa wa mapafu na anahitaji mtungi wa oksijeni.

Beryl aliruka usiku, peke yake, mtungi ukiwa ndani ya ndege. Kiwanja cha Nungwe hakikuwa na taa. Watu wa pale waliwasha mienge kandokando yake, na rubani akailenga mistari ile ya moto gizani. Huko alimkuta pia mgonjwa mwingine, ambaye homa ya kukojoa damu ilikuwa ikimmaliza, na ambaye hakuhitaji tena dawa. Alihitaji mtu wa kumpa habari za Nairobi.

Safari ya namna hiyo inaeleza kwa nini alipata kazi. Haikuwa kwamba alikuwa rubani hodari kuliko wote nchini. Ni kwamba alikubali kwenda mahali na wakati ambao wengine hawakuwa tayari, na aliporudi salama mara ya kwanza, aliitwa mara ya pili.

Hata hivyo, haki inadai mambo mawili yasemwe.

Kwanza, Beryl hakuanza na mikono mitupu. Uhusiano wake na Mwanamfalme Henry, mtoto wa Mfalme George wa Tano wa Uingereza, ulizua kashfa mwishoni mwa miaka ya 1920, na matokeo yake alipangiwa posho ya kila mwaka iliyoendelea kwa miaka mingi. Fedha hizo hazikumrushia ndege, lakini zilimwezesha kungoja simu ilie. Vijana wengi wenye leseni, wa zama zile na wa leo, hushindwa si kwa kukosa kipaji bali kwa kukosa cha kula wakati wa kungoja.

Pili, kuna habari ya arap Ruta. Rafiki huyo wa utotoni alikuwa amefuatana naye kutoka kwenye mazizi ya farasi hadi kwenye banda la ndege. Aliisafisha, aliifunga kamba, alijaza mafuta, alizunguka propela, na alikuwa wa kwanza kuipokea iliporudi. Aliijua ndege ile kwa mikono yake.

Lakini kiti cha rubani hakikuwa chake. Katika Kenya ya ukoloni hapakuwa na shule ya urubani ambayo ingempokea Mwafrika, sembuse leseni au kazi. Watoto wawili walikimbia pamoja katika nyasi zile zile za Njoro, wakawinda kwa mikuki inayofanana. Mmoja alipewa anga, mwingine akapewa kitambaa cha kufutia kioo. Hata baada ya shirika la East African Airways kuanzishwa mwaka 1946, ilipita miaka mingi kabla ya wana wa Afrika Mashariki kuanza kukaa mbele ya usukani.

Kazi iliyomlipa Beryl vizuri zaidi ni ile ambayo leo ingempeleka mahakamani. Kati ya mwaka 1934 na 1936 alikodiwa kuwatafuta tembo kutoka angani kwa niaba ya wawindaji matajiri, hasa wale walioongozwa na Baron Bror Blixen, Msweden aliyekuwa bingwa wa mawindo. Mmoja wa wateja hao alikuwa Mmarekani Winston Guest.

Utaratibu ulikuwa hivi: rubani huruka juu ya nyika ya Ukambani na pande za Voi akimtafuta dume lenye pembe kubwa. Akimwona, huandika kwenye karatasi mahali alipo, idadi ya kundi na upande linakoelekea, huitia karatasi ndani ya mkoba mdogo wa ngozi wenye utepe wa rangi ya buluu na dhahabu, kisha huudondosha kambini. Rangi hizo zilikuwa zile zile za farasi wake wa mbio.

Campbell Black aliipinga kazi hiyo, akiiona ni hatari kupita kiasi. Nyika ile haina mahali pa kutua injini ikizimika. Mwanafunzi hakumsikiliza mwalimu, kwa kuwa malipo yalikuwa mazuri. Miaka mingi baadaye aliandika kwa namna inayoonyesha kwamba hakuwa na raha kamili na jambo alilolifanya. Tembo, alivyoona, walianza kuizoea sauti ya ndege na kuficha pembe zao.

Mwaka 1936 aliondoka Kenya kwa ndege akiwa na Blixen kuelekea Uingereza. Huko alipata nafasi iliyomtoa katika orodha ya marubani wa kukodiwa na kumwingiza katika historia.

John Carberry, tajiri aliyeishi Kenya, alikubali kumwazima ndege mpya aina ya Percival Vega Gull, yenye injini moja, ili ajaribu kuvuka Bahari ya Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi. Mmarekani Amelia Earhart alikuwa amevuka peke yake mwaka 1932, lakini kutoka magharibi, upepo ukimsukuma. Kwenda kinyume kulimaanisha kupambana na upepo njia nzima, na hakuna mwanamke aliyekuwa amefanya hivyo peke yake.

Jioni ya Septemba 4, 1936, aliruka kutoka Abingdon, Uingereza. Ndani ya ndege matangi ya mafuta yalijaa mahali ambapo pangekaa abiria. Hakuwa na redio. Usiku kucha alipita katika mvua na mawingu, akibadili tangi moja baada ya jingine gizani.

Karibu na mwisho wa safari injini ilianza kukatika. Barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi la mwisho. Aliiburuza ndege hadi ikaiona nchi kavu, ikaangukia pua kwenye tope la kinamasi huko Baleine, Nova Scotia, nchini Kanada. Alitoka akiwa na jeraha kichwani, baada ya saa 21 na dakika 25 angani.

New York, alikokusudia kutua, ilimpokea kwa shangwe barabarani. Wiki mbili baada ya safari yake, Septemba 19, Tom Campbell Black aliuawa uwanjani Liverpool, ndege nyingine ilipoigonga ndege yake ikiwa ardhini. Furaha ya mwanafunzi ikageuka kilio cha mwalimu.

Ingetarajiwa kwamba mwanamke aliyeivuka Atlantiki asingetafuta tena kazi ya urubani. Ukweli ulikuwa tofauti. Sifa zilikuwa nyingi, ajira haikuwapo. Magazeti yalimtaka kwa picha, si kwa usukani. Alihamia Marekani, akaishi California, na polepole ndege zikatoka katika maisha yake.

Mwaka 1942 kilichapishwa kitabu chake cha kumbukumbu, West with the Night. Mwaka huo huo aliolewa mara ya tatu, na mwandishi Raoul Schumacher. Kitabu kilisifiwa lakini vita ilikifunika. Baadaye ulizuka mjadala, ambao haujaisha, kuhusu kiasi gani mumewe huyo aliuchangia uandishi wake.

Alirejea Kenya karibu na mwaka 1950 bila mume na bila ndege. Alirudi kwenye ufundi wa kwanza aliofundishwa na baba yake, farasi, na huko akapata mafanikio ambayo anga haikumpa kwa muda mrefu kiasi hicho. Farasi aliowafundisha walishinda mashindano ya Kenya Derby mara sita.

Uzee ulimkuta akiwa na hali duni, akiishi katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi. Mwaka 1983 kitabu chake kilichapishwa upya Marekani na kuuzwa kwa wingi, na mapato yake yakampunguzia shida za miaka ya mwisho. Alifariki Agosti 3, 1986, akiwa na umri wa miaka 83.

Kreta moja katika sayari ya Zuhura imepewa jina lake. Huku duniani, urithi wake unaonekana zaidi katika kazi isiyoandikwa magazetini: ile ya rubani kijana anayebeba mgonjwa, mtalii au kasha la dawa kwenda mahali pasipo na njia nyingine nzuri.

Kwa mhitimu anayezunguka leo na vyeti vyake, maisha ya Beryl Markham yana faraja na onyo. Faraja ni kwamba kazi ya kwanza ya urubani kwa kawaida haipatikani kwenye njia kuu. Hupatikana pembezoni, kwenye kiwanja kifupi, kwa mteja mmoja ambaye akifikishwa salama humwambia mwenzake. Kigoma na mwambao wa Tanganyika ni miongoni mwa pembezoni hizo, na bado zinahitaji mbawa.

Onyo ni kwamba mlango huo haujawahi kufunguka kwa juhudi peke yake. Beryl alikuwa na juhudi, lakini pia alikuwa na mwalimu aliyemwamini, fedha za kumngojesha na rangi iliyokubalika. Arap Ruta alikuwa na mikono ile ile yenye ujuzi, akabaki ardhini akiitazama ndege ikipotea angani. Leo sheria inampa mtoto wa Ujiji haki ambayo arap Ruta hakuwa nayo. Gharama za mafunzo na ukosefu wa mtu wa kumpa saa zake za kwanza ndivyo vinavyoamua kama haki hiyo itamfikisha kwenye usukani au itaishia kwenye karatasi ya leseni.